Simu ya mezani ya intaneti katika nyumba ya mawe, Lamu: uchambuzi wa kisa

Kisa hiki ni cha nyumba moja ya Mji wa Kale wa Lamu ambako familia ilitaka simu ya mezani inayopita kwenye intaneti. Majina, mtaa, namba za simu na kampuni zilizohusika zimeondolewa, na mambo kadhaa ya kifamilia yamebadilishwa. Upande wa ufundi umeachwa ulivyo, maana ndio wenye faida kwa fundi au familia nyingine yenye haja kama hii.

## Nyumba na haja

Mwenye nyumba ni bibi aliyepita miaka sabini. Macho yamepungua nguvu, na kioo cha simujanja kinamsumbua: akigusa kidogo hakifanyi kitu, akikaza kidole kinafungua asichokitaka. Kwa miaka mingi alikuwa na simu ya waya, namba ya 042, mpaka laini ikafa na haikurudi. Waya wa ndani ya nyumba ulibaki ukutani, umepakwa chokaa mara kadhaa hata hauonekani.

Ana watoto watatu. Mmoja yuko Mombasa, mmoja Uingereza, na binti yuko Sharjah. Huyu wa Sharjah ndiye aliyekuwa na shida zaidi, kwa kuwa simu za sauti za WhatsApp zimezuiwa Falme za Kiarabu. Alikuwa akituma ujumbe wa sauti, na bibi anausikia mjukuu akirudi kutoka shule. Ombi la familia lilikuwa jepesi kulisema: simu yenye mkonga na vitufe vikubwa, inayolia kwa nguvu, ambayo bibi ataipokea na kuipiga mwenyewe hata akiwa peke yake nyumbani.

Nyumba ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, mahali pengine zinafika nusu mita. Bibi hushinda msana, ule ukumbi mrefu, na hulala ndani kabisa, chumba cha mwisho. Intaneti iliingia kwa ruta ya 4G iliyowekwa ghorofa ya juu karibu na dirisha, pale mnara unapopatikana vizuri. Kutoka hapo kebo ilishuka hadi ruta ya pili chini, inayogawa Wi-Fi kwa wajukuu. Umeme hukatika, wakati mwingine dakika chache, wakati mwingine jioni nzima.

## Vifaa vilivyofikiriwa

Njia ya kwanza ni programu ya simu kwenye simujanja au tableti. Haina gharama ya kifaa, na kwa kijana inatosha kabisa. Kwa bibi haikufaa, na familia ilikuwa imeshaijaribu.

Ya pili ni simu ya USB inayochomekwa kwenye kompyuta. Kompyuta ikizimwa, simu imezimwa. Kwa mtu anayengoja kupigiwa, hii haina maana.

Ya tatu ni simu ya mezani ya IP, ile inayochomekwa kebo ya mtandao moja kwa moja na kujisajili yenyewe kwa mtoa huduma. Sauti yake ni nzuri na mipangilio yake ni mingi. Inataka kebo ya mtandao mpaka mezani, au Wi-Fi ya kuaminika. Ikiwa inalishwa umeme kwa kebo ileile kwa kiwango cha 802.3af, swichi lazima iwe ya aina hiyo. Swichi ya kawaida haitaiwasha.

Ya nne ni kituo cha DECT cha IP chenye mkonga usio na waya. DECT inatumia masafa yake ya 1880 hadi 1900 MHz, hivyo haigombani na Wi-Fi. Kwa nyumba ya Malindi yenye kuta za matofali na ua mpana, hii ndiyo ingekuwa chaguo la kwanza. Katika nyumba ya mawe ya Lamu mawimbi hayo nayo yanachoka ukutani, na mkonga usio na waya unataka mtu wa kukumbuka kuurudisha kwenye chaja.

Ya tano ni adapta: kisanduku kidogo chenye tundu la kebo ya mtandao upande mmoja na tundu la simu ya kawaida upande wa pili. Simu yoyote ya mezani inageuka kuwa simu ya intaneti. Tundu la simu linaitwa FXS. Lipo pia tundu la FXO, ambalo ni la kupokea laini ya shaba kutoka nje; anayenunua adapta ya FXO peke yake atachomeka simu na hatasikia kitu.

Ya sita, ambayo mafundi wengi huisahau, ni simu ya mezani ya kadi ya SIM. Kama ndugu wote wangekuwa Kenya, hii ingetosha na kisa kingeishia hapo. Hapa iliachwa kwa sababu mbili: ndugu wawili wa ng'ambo wangelipia viwango vya simu za kimataifa kila mara, na chini msana mnara haushiki.

## Yaliyofanyika

### Simu ya Wi-Fi

Kifaa cha kwanza kununuliwa kilikuwa simu ya IP ya Wi-Fi, kwa hoja kwamba haitachimba ukuta. Hoja ilikuwa na uzito. Mji wa Kale uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na hata asiyejali orodha atajali chokaa ya nyumba ya wazee wake.

Msana simu ilifanya kazi. Ndani, nguvu ya Wi-Fi ilishuka mpaka karibu na -85 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi; kikikaribia sifuri ndiyo bora), na hapo mazungumzo yanakatika maneno. Ikaongezwa Wi-Fi ya kurudufu mlangoni. Hapo likazuka jingine: simu iking'ang'ania mawimbi ya ruta ya mbali na ile ya karibu ipo, inajisajili upya katikati ya maongezi na simu inakatika. Kwa kutazama video hilo halionekani, kwa kuwa video imeshajiwekea akiba ya sekunde kadhaa. Sauti ya simu haina akiba hiyo. Pengo la nusu sekunde ni neno zima limepotea.

### Adapta iliyofungwa

Mtoto wa Uingereza akatuma adapta aliyokuwa nayo, ya kampuni ya simu aliyojiunga nayo zamani. Ilikuwa imefungwa kwa kampuni hiyo: ukurasa wa mipangilio unafunguka, lakini sehemu ya seva na akaunti haibadiliki, na kila inapowashwa inavuta upya mipangilio ya mwenyewe. Adapta za namna hii huuzwa mitumba kwa bei ya chini sana. Kabla ya kulipa, muuzaji aulizwe kama imefunguliwa, na iwashwe mbele ya mnunuzi ili aone kama sehemu ya seva ya SIP, ile inayopanga simu za intaneti, inaandikika.

### Adapta huru na waya wa zamani

Uamuzi uliofuata ndio uliobeba kazi: adapta mpya isiyofungwa, Grandstream HT801 yenye tundu moja la FXS, iwekwe juu kando ya ruta ya 4G, na sauti ishuke hadi kwa bibi kwa waya wa simu wa zamani uliokuwa ukutani. Hakuna ukuta uliotobolewa, hakuna Wi-Fi kati ya simu na ruta.

Waya wa zamani haukuchomekwa hivi hivi. Kwanza ulitafutwa mahali unapoingia kutoka nje, na nyaya zote mbili zikakatwa hapo na kufunikwa. Laini ya nje ikiwa bado hai ina karibu volti 48 za DC, na ikikutana na tundu la FXS itaharibu adapta. Hata ikiwa imekufa, waya mrefu wa nje unaleta radi ndani ya nyumba.

Kisha waya ukapimwa kwa multimita. Nyaya mbili zikaunganishwa pamoja chini msana, na ukinzani ukasomwa kutoka juu. Shaba ya milimita 0.5 ina takriban omu 88 kwa kilomita, kwa hiyo mita 30 kwenda na kurudi zinapaswa kusoma omu 5 hivi. Multimita ilionyesha zaidi ya 60, na namba ilicheza kila waya ulipoguswa. Kosa lilikuwa nyuma ya kisanduku cha nusu ya njia: nyaya zimesokotwa kwa mkono, shaba imekuwa kijani, na chumvi imeingia mpaka chini ya ganda la plastiki. Ilikatwa nyuma kidogo kidogo mpaka shaba ikang'aa, ikaunganishwa kwa vibanio vyenye jeli. Ukinzani ukashuka hadi omu 6. Pwani, kiungo cha shaba kisichofunikwa kina miaka michache tu.

Baada ya hapo nyaya zikaachwa wazi chini na kupimwa tena. Ziwe hazionyeshi njia yoyote kati yao. Unyevu ukiwa umetengeneza njia ndogo ya umeme, adapta inadhani mkonga umeinuliwa, na simu haitalia kamwe.

Simu yenyewe ilikuwa ya vitufe vikubwa, imenunuliwa Uingereza. Ilipochomekwa ilisema vizuri na haikulia. Simu kadhaa za Uingereza hutegemea waya wa tatu kwa ajili ya kengele, unaotoka kwenye kapasita ndogo ya soketi ya ukutani ya huko. Adapta haina waya huo. Dawa yake ni plagi ya kubadilisha yenye kapasita ndani. Zinafanana kwa macho na zile zisizo nayo, kwa hiyo mnunuzi aulize kwa jina. Baada ya hapo kengele ililia.

Akaunti ilifunguliwa kwa mtoa huduma wa SIP aliyetoa namba ya Kenya pamoja na akaunti ndogo kwa mtoto wa Uingereza, ili wao wawili wapigiane ndani kwa ndani bila malipo ya dakika. Anwani ya adapta ilipatikana kwa kuinua mkonga, kubonyeza nyota tatu, kisha 02; sauti inaisoma. Anwani hiyo ikaandikwa kwenye kivinjari, nenosiri la kiwandani likabadilishwa mara moja, na mpango wa upigaji ukawekwa ili namba za 07 na 01 zenye tarakimu 10 zitoke bila kungoja. Bila mpango huo adapta husubiri sekunde kadhaa baada ya tarakimu ya mwisho, na mzee atakata akidhani simu imekufa.

### Hitilafu tatu za mtandao

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa na kurudisha kifaa dukani. Simu ya intaneti ina njia mbili. SIP hubeba habari: nani anapiga, simu ilie, mkonga umeinuliwa, maongezi yamekwisha. RTP hubeba sauti yenyewe, kwa milango mingine kabisa ya mtandao. SIP ni mshenga; anapanga kila kitu kati ya nyumba mbili, kisha wenyewe hukutana bila yeye. Fundi akishajua kama aliyekwama ni mshenga au ni wenyewe, nusu ya kazi imekwisha.

Hitilafu ya kwanza: simu inalia, bibi anainua, mtoto anamsikia mama akisema "halo, halo", lakini bibi hasikii kitu. Mshenga amefika salama. Sauti inatoka nyumbani, ila hairudi. Sababu yake ni kwamba adapta ilitangaza anwani yake ya ndani, 192.168 na kuendelea, na upande wa pili ukawa unatuma sauti kwenye anwani isiyofikika. Ruta zote mbili zilikuwa zimewashwa SIP ALG, kipengele kinachojaribu kurekebisha anwani hizo na mara nyingi huziharibu zaidi. Pia adapta ilikuwa imechomekwa kwanza kwenye ruta ya chini kwa majaribio, nyuma ya NAT mbili, yaani ruta mbili ambazo kila moja inaficha anwani za ndani nyuma ya anwani yake moja. Ilihamishiwa ruta ya juu, ALG ikazimwa pote, na ruta ya chini ikageuzwa kuwa kituo cha Wi-Fi tu: kugawa anwani kukazimwa, na kebo ikahamishwa kutoka tundu la WAN (la intaneti ya nje) hadi tundu la LAN (la mtandao wa ndani).

Kijana wa nyumba alishauri kufungua milango kwenye ruta. Isingesaidia. Anwani ya nje ya ruta ilianza na 100.72, na kila anwani kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255 ni ya NAT ya kampuni yenyewe ya mtandao. Mlango ukifunguliwa nyumbani, bado kuna lango jingine kwa kampuni ambalo mteja hana ufunguo wake. STUN nayo, njia ya kifaa kuulizia anwani yake ya nje, mara nyingi hushindwa nyuma ya NAT za laini za simu. Kilichofaa ni seva ya mtoa huduma kurudisha sauti pale inapoiona ikitoka, badala ya pale adapta inapodai. Watoa huduma wengi wanayo. Ni swali la kuuliza kabla ya kujiunga.

Hitilafu ya pili: ukiipiga namba mara tu adapta ikiwashwa, inalia. Ukipiga baada ya robo saa, mpigaji anaambiwa mteja hapatikani, na bado bibi anaweza kupiga nje. Safari hii ni mshenga aliyekwama. Adapta ilikuwa ikijisajili kila dakika 60, na kati ya usajili mmoja na mwingine NAT ya kampuni ilisahau njia ya kurudi. Usajili ukashushwa hadi dakika 5, na ujumbe mdogo wa kushikilia njia ukawekwa kila sekunde 20. Tatizo likaisha siku hiyohiyo.

Hitilafu ya tatu ilikuja magharibi, kila siku: sauti inakatikakatika, kisha inakuja kwa mkupuo. Familia ilifikiri intaneti ni ndogo. Hesabu inasema vingine. Sauti ya G.711, moja ya kodeki (njia za kugeuza sauti kuwa data), hutumia karibu kilobiti 80 kwa sekunde kila upande ukihesabu vichwa vya pakiti. Laini ilikuwa na megabiti 3 za kupakia. Ila saa hiyo wajukuu wamerudi, na simu zao zinapakia picha na video kwenye hifadhi ya mtandaoni. Foleni inajaa ndani ya ruta. Muda wa ping, yaani wa pakiti kwenda na kurudi, uliokuwa milisekunde 45 ulipanda kupita 600, ilhali ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, kwa kiwango chake cha G.114 inataka sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 upande mmoja ili maongezi yawe ya kawaida.

Pendekezo la haraka lilikuwa kubadili kodeki kuwa G.729. Nayo ingepunguza data: saa moja ya maongezi kwa G.711 ni takriban MB 72, kwa G.729 ni takriban MB 22. Lakini kwa mpangilio wa kawaida wa milisekunde 20, kodeki zote mbili hutuma pakiti 50 kila sekunde. Foleni ikiwa ndefu, pakiti ndogo nazo zinangoja. Uamuzi ulikuwa kubaki na G.711 ya A-law, kwa kuwa masikio ya bibi yanahitaji kila herufi, na kushughulikia foleni: Wi-Fi ya chini ikawekewa kikomo cha kupakia cha megabiti 1.5, na adapta ikapewa kipaumbele kwenye ruta kwa anwani yake ya MAC, ile ya kifaa chenyewe. Kikomo cha kupakua hakikuguswa, na wajukuu hawakulalamika.

Mwangwi mdogo uliobaki upande wa mtoto wa Uingereza ulitokana na simu na tundu la FXS kutolingana ukinzani. Adapta ilikuwa omu 600. Ilipobadilishwa kwenda chaguo la Uingereza, 370 na 620 sambamba na nanofaradi 310, mwangwi ukapungua. Kipimo cha sauti ya kutuma kikashushwa desibeli 2, ukaisha.

### Umeme

Simu ya shaba ya zamani ililetewa umeme na laini yenyewe, hivyo ililia hata gizani. Bibi aliitarajia hii ifanye vivyo hivyo. Ruta inataka volti 12, adapta volti 5. Zikipimwa pamoja zilikula wati 10 hivi. UPS ya kawaida ya kompyuta ingegeuza betri kuwa volti 240 na kuzirudisha tena kuwa 12 na 5, ikipoteza umeme kila mara. Ikawekwa betri ya volti 12 ya saa-ampea 7, chaja yake, na kishusha volti cha 5 kwa adapta. Betri ya namna hiyo ina saa-wati 84. Ya risasi haifai kutolewa zaidi ya nusu ikiwa unataka idumu, basi 42, na baada ya upotevu ni kama 36. Hiyo ni saa tatu na nusu.

Ruta ya chini ya wajukuu haikuunganishwa kwenye betri. Umeme ukikatika Wi-Fi inazimika na simu ya bibi inabaki.

## Matokeo

Bibi anapokea na kupiga mwenyewe. Mtoto wa Mombasa hupiga namba ya kawaida. Wa Uingereza hupiga kwa akaunti ndogo. Kwa binti wa Sharjah mpango uligeuzwa: mama ndiye anayempigia kwenye simu yake ya kawaida, kwa kiwango cha mtoa huduma wa SIP, ambacho ni nafuu kuliko kupigiwa kutoka huko. Upande wa Sharjah hakuna programu wala kifaa, kwa hiyo hakuna cha kuzuiwa.

Ubora si sawa mwaka mzima. Wakati wa Maulidi, Mfungo Sita, mji unapojaa wageni na mnara mmoja unabeba watu wote hao, sauti hukwaruza jioni hata foleni ya nyumbani ikiwa tupu. Hapo hakuna mpangilio wa ruta utakaosaidia. Lililobaki ni kupiga asubuhi, au kuongeza laini ya pili ya kampuni nyingine.

Mambo mawili hayakuwezekana. Namba fupi za USSD kama *334# ya M-Pesa hazipiti kwenye adapta, kwa kuwa ni huduma ya mtandao wa simu za mkononi na SIP haiijui; nyota zenyewe adapta inazitumia kwa amri zake. Na ujumbe wa nambari za siri za benki haufiki kwenye namba hii. Mjukuu aliyeiandikisha namba ya mezani kwenye akaunti ya benki ya bibi ilibidi airudishe ya mkononi.

## Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ni kuanza na mkono wa bibi. Walipokubaliana kwamba atashika mkonga wenye waya, chaguo kadhaa kati ya sita ziliondoka bila kununua kitu. Simu ya Wi-Fi ilinunuliwa kabla ya makubaliano hayo. Ilichaguliwa kwa kutazama ukuta peke yake, na hakuna aliyepima nguvu ya mawimbi chumba cha ndani. Programu ya bure ya kupima Wi-Fi kwenye simujanja, mlango ukiwa umefungwa, ingetoa jibu kwa dakika tano. Kipimo kifanywe mahali mtu atakapokaa, pia kitandani. Zaidi ya -67 dBm kuelekea sifuri, sauti inaweza kutegemewa. Ikishuka kupita -75, usinunue.

Waya wa zamani ulikuwa uamuzi bora wa kazi nzima, na ulikaribia kukataliwa kwa sababu ya kelele. Waya wenyewe ulikuwa mzima. Kiungo kimoja ndicho kilichooza. Nyumba nyingi za Lamu na Malindi zilizokuwa na simu ya shaba bado zina jozi moja nzima ukutani. Ipimwe kabla ya kuhukumiwa.

Mpangilio wa majaribio ulisaidia kuliko maarifa ya mipangilio. Kwanza mlio wa kuanzia kwenye mkonga, simu ikiwa imechomekwa moja kwa moja kwenye adapta kwa waya mfupi. Kisha kwa waya wa ukutani. Kisha namba ya majaribio ya mtoa huduma inayokurudishia sauti yako. Kisha kupiga simu ya mkononi. Mwisho kupigiwa, mara moja papo hapo na mara moja baada ya robo saa. Jaribio hili la mwisho ndilo linaloachwa na mafundi wanaotaka kuondoka mapema, na ndilo linaloifichua hitilafu ya pili. Fundi aliyejaribu papo hapo tu anaacha simu ambayo itakuwa bubu kabla hajafika forodhani.

Kilichokwama ni umeme kuja mwisho. Wiki za mwanzo simu ilizima mara kadhaa, na bibi akaanza kurudi kumngoja mjukuu. Imani ya mzee kwa kifaa ikishavunjika, kuirudisha ni kazi kuliko kufunga betri. Betri na vifaa vyake vingewekwa siku moja na adapta, hesabu ya wati ikifanywa kabla ya kununua.

Usalama wa akaunti ulipewa dakika chache na ulistahili zaidi. Wezi wa SIP hutafuta akaunti zenye nenosiri dhaifu na kupiga namba za ghali ng'ambo usiku, mpaka salio liishe. Hapa salio liliwekwa la kulipia kabla, na nchi zilizoruhusiwa zikawa tatu tu: Kenya, Uingereza na Falme za Kiarabu. Kuingia kwenye ukurasa wa adapta kutoka nje kulizimwa. Nenosiri la SIP, lile la usajili, lilikuwa refu la herufi mchanganyiko kutoka kwa mtoa huduma na halikubadilishwa kuwa la kukumbukika.

Matengenezo yaliachwa kwa kijana wa nyumba: kila miezi mitatu kufungua visanduku viwili vya waya na kutazama kama kijani kimerudi, na kuzima umeme wa ukutani makusudi ili kuona betri inashika muda gani. Ikishuka chini ya saa mbili inabadilishwa.

Namba za dharura, 999 na 112, hazikutegemewa kwenye simu hii. Mtoa huduma wa SIP hakuhakikisha kuzifikisha, wala hajui nyumba iko wapi. Bibi amebaki pia na kabambe, simu ndogo ya mkononi ya vitufe, imewekwa juu ya kidaka cha dirishani ambako mnara unashika, na kitufe kimoja kimepangwa kumpigia jirani.